Kiu Kifuani mwa Dismasi

Kikohozi cha Dismasi kilianza kuongea mwezi ule wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, ufukweni mwa ziwa. Alikohoa mara tatu, kisha ndani ya kifua chake mwanamke akanong'ona, "Amazi."

"Nani huyo anaomba maji?" mkewe Yusta aliuliza.

Dismasi aliinamisha uso. "Mrundi mmoja. Nilimpakia kwenye boti yangu. Ziwa lilikuwa na kipindupindu. Aliomba maji yangu, nikamnyima, nikakalia dumu. Alifia njiani."

Hospitalini, daktari alitaka kutazama njia yake ya hewa. Muuguzi, Sista Regina, akamwandaa.

"Baba, tangu jana usiku hujala wala kunywa? Vizuri. Una jino linalocheza? Tutakupulizia ganzi kooni, kisha daktari atapitisha mpira mwembamba wenye kamera. Utahisi kama unapaliwa, lakini hewa itapita. Mpira ukitoka, mate utayatema. Usinywe hata tone mpaka ganzi iishe, baada ya muda wa kama saa mbili. Koo lenye ganzi halijui kumeza. Maji yataingia mapafuni."

"Hata akilia kiu?" Yusta aliuliza.

"Hata akikutukana, mama."

Mpira uliingia, ukatoka. Daktari hakuona kidonda. Kikohozi kilinyamaza, na Yusta akamshukuru Mungu.

Adhuhuri alikuja mgeni wodini, mwanamke mwenye midomo iliyopasuka, ananuka matope ya ziwa. Alipiga magoti kando ya kitanda, kikombe mikononi.

"Dada, bado haruhusiwi," Yusta alinong'ona.

"Najua. Nilikuwa namsikia sista."

Yusta alidhani alikuwa nyuma ya pazia. Kwao Kalinzi, anayekuja kumwona mgonjwa haulizwi jina, anapishwa kiti. Akampisha, akaenda kumwaga beseni la mate.

Aliporudi mgeni hayupo, na Dismasi alikuwa amekumbatia kikombe kitupu, macho yamemtoka, maji yakimbubujika puani na mdomoni, maji mengi kuliko ya kikombe, mengi kuliko ya ndoo, yakilowesha godoro na sakafu na miguu ya Sista Regina aliyekuwa akimgeuza ubavu na kupiga kelele, "Nani kampa? Nani kampa maji?"

Walimpeleka kumzika Kalinzi juu, kwenye kilima kikavu. Wachimbaji walichimba kaburi. Kabla halijafika kiunoni likajaa maji. Wakahamia chini ya mgomba, likajaa. La tatu, likajaa.

Jioni mmoja wao alitupa jembe, akamfuata mjane.

"Mama, huyu tumzike wapi?"