Kulungu Watatu wa Mjane

Kosa lenyewe halikuwa kubwa: upana wa vidole vinne tu vya turubai la picha. Mjane aliyeleta ile picha ya msitu alimwambia fundi wa fremu kinagaubaga, "Usiipunguze hata uzi mmoja, mwanangu." Lakini fundi alikuwa na fremu tayari, ndogo kidogo, na kuchonga nyingine, lo, nani ahangaike? Upande wa kulia palikuwa na miti na giza tu. Akakata. Sikio la kufa halisikii dawa.

Katika picha, kulungu watatu walisimama kando ya kijito, masikio juu, wakitazama kulia. Kesho yake asubuhi walikuwa wakitazama kushoto, kwenye mlango wa kutoka karakana kuingia nyumbani.

"Mke wangu, njoo uone. Hawa hawakuwa hivi."

"Una njaa wewe," mkewe akamtania. Kisha akanusa, akaziba pua. Nje jua liliwaka, lakini karakana ilinuka majani yaliyolowa na kuoza.

Fundi akaogopa, tena akaogopa kweli, akapekua pipa la taka, akatambaa chini ya meza, akamwaga magunia ya maranda akikitafuta kile kipande akigandishe mahali pake kabla mjane hajarudi, na kila alipoinama alisikia, upande wa pili wa ukuta, kitu kikivuta pumzi nzito, polepole, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Kipande gani?" mkewe akanong'ona. "Cha miti? Mwanao alikiokota jana. Kakibandika juu ya kitanda chake."

Binti yao wa pekee, waliyemngoja miaka kumi na mmoja! Fundi akaikumbatia picha, akakimbilia chumbani. Kipande kilikuwa ukutani. Katikati ya miti rangi ilikuwa imetoka, pamebaki turubai tupu, jeupe, lenye umbo la mtu mrefu aliyejikunyata.

Akaitazama picha mikononi mwake. Kulungu walikuwa wamerudi nyuma hadi ukingoni, wamebanana, macho yamewatoka. Akaielekeza dirishani; shingo zikageukia kitandani. Akaielekeza kabatini, zikageukia kitandani tena.

Binti alikuwa amekaa katikati ya kitanda, nywele zimelowa, jani moja limemganda shavuni.

"Baba," akauliza kwa upole, "mbona wananiogopa?"