Kiungo Kisicho na Uzi

Kila akitoka shule, Swichi alivua sare, akanawa mikono, akaenda kukaa na mama yake gereji. Jina hilo la utani alilipata akiwa mdogo, kwa sababu hakuna taa ya nyumbani aliyoiacha ipumue. Mama yake alikuwa fundi umeme wa magari, na gereji yake ilishikana na nyumba yao.

Mama alikuwa na sharti moja. Anayeunga waya lazima afunge kipande cha uzi juu ya kiungo chake. Uzi wa mama ulikuwa mwekundu. Wa Swichi ulikuwa wa njano, na ulikuwa bado haujavuka ubao wake wa mazoezi. Kiungo kisicho na uzi kilihesabiwa kuwa cha kiwandani, na mama hakukigusa.

Siku hiyo palikuwa na gari la muuguzi mmoja. Tayari lilikuwa na rimoti ya kuliwasha kwa mbali, naye aliomba nyongeza: akibonyeza, feni nayo iwake, akute ndani pamepoa. Mama alimaliza kazi asubuhi. Sasa, jioni, alitaka kujaribu kwa mara ya mwisho kabla mwenyewe hajafika.

Akabonyeza. Injini ikanguruma, feni ikavuma, kisha vyote vikazimika. Akabonyeza tena. Yale yale.

"Mbona hivi?" mama akauliza, kana kwamba gari lingemjibu. "Asubuhi lilikubali bila shida."

Akajipenyeza chini ya usukani, akafuata nyuzi zake nyekundu kiungo kwa kiungo. Vyote vilikuwa vizima. Akatoka, akakuna kichwa, akarudi tena kule kule.

Swichi, aliyekaa kwenye ngazi ya mlango, alijua kitu ambacho mama hakukijua. Alipotoka shule, mama alikuwa ameenda dukani kununua tepu. Swichi alikumbuka muuguzi akilalamika kwamba usiku haoni anapokanyaga akiingia garini. Akachukua kitaa, taa ndogo ya mazoezi, kutoka kwenye ubao wake ili akifiche chini ya dashibodi, muuguzi ashangae kwa furaha. Alikuta nyaya mbili za zambarau zimepita pamoja, akaziunga zote mbili na waya wa kitaa, akidhani mbili zitaleta nguvu kuliko moja. Uzi wa njano hakufunga. Aliogopa mama atauona.

Lakini kitaa kidogo vile kinawezaje kuzima injini nzima? Hakuelewa. Kila akijaribu kujieleza moyoni, mawazo yalizidi kumvurugika.

Muuguzi akaingia. "Mama Swichi, habari za kazi? Limeiva?"

"Nzuri, dada. Ila sitakudanganya, limenichanganya." Mama alijifuta jasho. "Labda kazi hii imenizidi. Nifumue kila nilichofunga, ukatafute fundi mwingine."

Swichi hakuwahi kumsikia mama akisema hivyo. Akamhurumia. Mama alibonyeza kwa mara nyingine, na injini ilipokohoa, ukuta wa nyuma ya gari ulimulikwa kwa mwanga mwekundu, halafu ukarudi giza.

"Mama," akasema polepole, "kwa nini taa za breki zinawaka na ndani hamna mtu?"

Mama aligeuka. Kutoka mbele ya gari hakuwa ameuona ukuta ule. "Zinawaka?"

"Ndiyo. Na mama, kuna kiungo changu humo. Sikukifunga uzi. Nisamehe."

Mama aliinama, akavuta kitaa na nyaya zake, akafuata kila waya wa zambarau hadi unakotoka.

"Huu unapeleka umeme kwenye feni," akasema hatimaye. "Na huu unatoka kwenye kanyagio la breki. Gari likiwashwa kwa rimoti, mtu akikanyaga breki bila kuweka ufunguo, injini inazimwa, ili mwizi asiondoke nalo. Umeziunganisha, basi feni ikiwaka, gari linadhani kuna mtu amekanyaga."

"Kumbe lilikuwa linatii tu," muuguzi akasema, akacheka kidogo.

Mama alitenganisha nyaya, akampa Swichi kitaa. "Dada akikubali, kiunge kwenye waya wa feni peke yake."

Muuguzi alikubali kwa kichwa. Swichi akaunga. Mama akabonyeza. Injini ikanguruma na kuendelea, feni ikavuma, kitaa kikamulika sakafu. Ukuta wa nyuma ulibaki giza.

"Sikiliza, mwanangu," mama akasema. "Kukosea utakosea, hata mimi nakosea. Lakini ukificha ulichofanya, mwenzako atatafuta kosa mahali lisipo, mpaka aanze kujidharau. Mimi leo nilikuwa karibu kuamini kwamba sijui kazi yangu."

Swichi alilia. Mama alimwacha alie, kisha akatoa mfukoni kipande cha uzi wa njano.

"Funga," akasema. "Mtu akiuliza nani ameunga hapa, ujibu ni wewe."