Simu za Eddy

Asubuhi ile watu waliojazana kwenye duka la mikate karibu na soko la Likasi walikuwa wanagombania mikate ya moto. Arlette peke yake ndiye aliyekuja kugombania umeme. Mtaa mzima ulikuwa umekatiwa, jenereta ya duka inanguruma, naye akajipenyeza, amejifunga kikwembe chake cha manjano, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mchanga.

"Papa, prise ya umeme iko?" akamuuliza kijana mrefu mwenye unga mpaka kwenye kope.

"Iko. Lakini anayechomeka ananunua mukate," akajibu Symphorien, mwenye duka.

"Na asiye na njaa?"

"Atangojea hapa mpaka njaa imupate."

Arlette akanunua mikate minne, na kesho yake akarudi, ingawa kwao umeme ulikuwepo. Mapenzi yakakolea. Haukupita muda, wajomba wa Symphorien wakapanga Jumamosi ya présentation, siku familia ya mwanaume inapokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa binti.

Shida ilikuwa Eddy.

Arlette na Eddy waliandika pamoja programu ambayo vituo vya afya, kuanzia Kambove mpaka Kakanda, viliitumia kufuatilia dawa. Eddy aliishi Lubumbashi. Programu waliiweka kwenye ghala la mtandaoni, na kila Eddy alipoibadilisha, kiungo fulani cha zamani kiliyachukua mabadiliko, kikayajaribu, kikayapeleka vituoni. Wenye ghala wakatangaza kwamba viungo vya namna hiyo vimepitwa na wakati, wanavizima. Wakavizima kweli. Kazi ikawa ya mkono: Eddy akiweka kitu, anampigia Arlette, naye anaacha soda, anaacha sahani, anaacha hata busu katikati, anafungua kompyuta.

"Iko nani tena?" Symphorien angeuliza.

"Eddy, chéri. Vumilia kidogo. Niko natengeneza kintu banaita webhook. Ghala yenyewe njo itakuwa inagonga mulango yetu kila kintu ikibadilika. Eddy hataniita tena."

Symphorien akavumilia, maana mapenzi hayana ujanja. Webhook ikakamilika. Arlette akampelekea Symphorien habari mbio mbio, wakaenda kula michopo kusherehekea. Hata mfupa wa kwanza wa mbuzi haujaisha, simu ikaita. Eddy.

Symphorien akapangusa mikono taratibu. "Ulisema mashine inagonga yenyewe."

"Inagonga."

"Sasa Eddy anaita ya nini?"

Arlette akaigeuza simu kifudifudi. "Ni pour confirmer, kuhakikisha tu."

"Arlette, minye niko muntu ya mukate, lakini siko mujinga. Bayomba yangu hawatakuya kukaa mbele ya baba yako, simu ya mwanaume mwingine inalia. Présentation, tuiache kwanza."

Akaondoka, nyama akaiacha pale pale. Arlette alilia njia nzima, na hasira juu, kwa sababu Eddy hajawahi kumshika hata kidole. Lakini lile swali lilikataa kumtoka. Eddy anaita ya nini? Webhook haikuwa imepoteza badiliko hata moja. Yeye aliyeitengeneza ndiye hakuiamini, ndiyo maana alimwambia Eddy aendelee kupiga. Aliogopa kwamba siku ikikwama, vituo vitakosa dawa na watu watasema ni kazi ya Arlette. Kile kiungo cha zamani, mfu kabisa, alikuwa bado amekiacha ndani ya programu, eti huenda kikafaa.

Akakifuta. Kisha akampigia Eddy.

"Usiniite tena."

"Na ikikwama?"

"Ikikwama itasema yenyewe. Niliifundisha."

Akampigia na Symphorien, naye akapokea, jenereta inanguruma nyuma yake.

"Mupenzi, ulikuwa na haki," Arlette akasema. "Sikuficha mwanaume. Nilificha woga. Kuya Jumamosi. Simu yangu itakaa ndani ya saki ya mama."

"Na Eddy akiwa na kazi siku ile?"

"Atakuwa nayo. Jumamosi njo anaweka mabadiliko makubwa kuliko yote."

"Na hautaangalia? Weye?" Symphorien akacheka kabla hajataka kucheka. "Hiyo lazima nikuye kujionea."

Jumamosi wajomba wakaja na makreti ya vinywaji, Symphorien ndani ya suti ya buluu, unga kidogo umebaki nyuma ya sikio. Arlette alikaa na kikwembe kipya cha kijani, mikono magotini. Mjomba mmoja yuko katikati ya maneno yake, mkoba wa mama, ile saki, ukatetemeka mara moja. Mtetemo huo ungeweza kuleta habari njema, ungeweza kuleta balaa. Watu wote wakageuka. Arlette akabana vidole vyake, hakuinuka. Symphorien alimwona.

Papa Michel, baba wa Arlette, akauliza kama desturi inavyotaka: "Arlette, hawa bantu unabajua? Kinywaji yao tukunywe, ao tubarudishie?"

"Ninabajua, papa. Tukunywe."

Vigelegele vikapasua nyumba. Hapo ndipo mama alipofungua saki, akampa Symphorien simu. Eddy hakuwa amepiga hata mara moja. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa mashine, Symphorien akausoma kwa sauti, mbele ya wajomba wasioelewa kitu: "Mabadiliko yamepokelewa. Majaribio yote yamepita. Vituo vyote vimepata."

"Imefanya yenyewe," Arlette akasema, machozi yanamtoka, "na minye nimekaa hapa."

"Umeitengeneza weye," Symphorien akamjibu, akairudisha simu ndani ya saki, akamfungulia soda.

Arlette akainywa yote, mpaka chini.