Kitasa cha Karavani

Asubuhi ile Sebahire alikuwa ameketi mbele ya karakana yake pale Nyabiondo, akilainisha mpini wa jembe kwa kigae cha chupa. Majirani walikuwa wameanika maharagwe kwenye mikeka, ingawa ukungu ulikuwa bado umelala mlimani. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Watu walimjua kama seremala asiye na maneno mengi, na tangu amzike mkewe Mukasine, hata yale machache yalikuwa yamepungua.

Akasikia mngurumo wa kamio, lori la mizigo. Alikuwa kaka yake Théogène, dereva wa mzungu mmoja mpima barabara. Nyuma ya kamio ilikokotwa karavani, nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu, yenye kitanda, dirisha la kioo na mlango mmoja. Mzungu alikuwa likizo kwao Ulaya, na Théogène ameagizwa kuipeleka Walikale.

Sebahire alisimama kumpokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kusahau wema wa kaka yake. Mukasine alipobanwa na homa ya kifua, Sebahire mwenyewe alikuwa amevunjika mguu, hawezi hata kusimama. Théogène ndiye aliyemlaza mgonjwa ndani ya karavani hiyo hiyo na kumkimbiza hospitali ya Mweso. Alirudi na maiti, akilia kama mtoto. Akasema Mukasine amefia mikononi mwa masista, wakimwombea. Vidole vya marehemu vilikuwa vimefungwa bendeji.

"Masista njo walimufunga vile," Théogène alisema. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa alikuwa ameshuka kwenye kamio, macho mekundu.

"Mulango inanisumbua, mudogo wangu. Naifunga, inafunguka yenyewe. Nirekebishie kitasa. Nataka ikaze kabisa."

"Inafunguka mu mashimo ya njia?"

"Hata kamio ikisimama."

Sebahire akacheka kidogo, akaleta tupa na bisibisi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mlango ulikuwa umeshuka kwenye bawaba, kwa hiyo ulimi wa kitasa haukuingia vizuri kwenye tundu la fremu. Akakaza bawaba. Akapanua tundu kwa tupa. Akafunga. Ulimi uliingia na kulia *ta!* Akavuta kwa nguvu, mlango haukutikisika.

Akageuka kuchukua mafuta.

*Ta!*

Mlango ulikuwa wazi, upana wa kiganja, kama mtu anayechungulia.

Akaufunga tena, akaweka bega. Safari hii alihisi unasukumwa kutoka ndani. Haukusukumwa kwa nguvu. Ulisukumwa polepole, kwa unyonge, jinsi mgonjwa anavyosukuma blanketi.

"Kaka, iko muntu ndani?"

"Nani atakuwa ndani? Fanya kazi." Théogène alikuwa amesimama mbali, ng'ambo ya mikeka ya maharagwe. Sebahire akatambua kwamba tangu afike, kaka yake hajaukaribia ule mlango.

Akaingia ajaribu kitasa kwa upande wa ndani. Mlango ukajifunga nyuma yake. Kisha ufunguo, uliobaki nje, ukazunguka.

"Kaka, fungua."

Ukungu ulikuwa umekibana kioo, na ndani mwanga ulikuwa hafifu. Akapapasa kutafuta kitasa. Vidole vyake vikaingia kwenye mifereji. Rangi ilikuwa imechimbwa, na chini ya rangi, mbao. Mifereji myembamba, iliyokaribiana, ikienea pande zote za kitasa. Akagusa kitu chembamba kilichochomeka kwenye mbao. Akakivuta.

Ulikuwa ukucha.

Mkono ukatua juu ya mkono wake. Wa baridi. Umefungwa kitambaa kilicholoa. Ukavichukua vidole vyake na kuvipitisha ndani ya ile mifereji, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayemfundisha kipofu njia.

Hapo ndipo mvua ilipoanza juu ya bati. Mvua kubwa. Na ndani ya mvua, sauti za wanaume wakiimba, vibuyu vya pombe ya ndizi vikigongana. Mmoja akasema, "Théogène, mugonjwa wako anagonga."

Halafu kicheko. Kicheko alichokijua tangu utotoni.

"Muache agonge. Nilifunga na funguo. Hapa Bihambwe hatutoke bila kumaliza hii pombe ya kasiksi."

Wakacheka wote. Karibu kabisa na sikio la Sebahire, pumzi ikanong'ona:

"Niko na kiu."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka.

Nje hapakuwa na mvua. Maharagwe yalikuwa makavu kwenye mikeka. Théogène alisimama peke yake, mikono yote miwili mdomoni.

"Hakufika Mweso," Sebahire alisema.

Théogène akashusha mikono.

"Ulimusikia akigonga?"

"Mvua ilikuwa mingi. Nilisema nipumuzike kidogo tu…"

"Ulimusikia?"

"Nilimusikia." Sauti ilikuwa ndogo mno. "Kisha akanyamaza. Nikafikiri amelala."

Sebahire alimtazama. Siku ya maziko, mbele ya watu wote, alikuwa amembusu huyu mtu mkono na kumwita baba. Kila Jumapili tangu hapo alikuwa akimtaja katika sala, jina lake kabla ya la marehemu. Alihisi midomo yake imechafuka. Akaifuta kwa mkono wa shati, akaifuta tena.

Akaokota vyombo vyake.

"Kitasa iko muzima. Enda."

"Sebahire, usiniache peke yangu naye."

Aliingia karakanani na kuufunga mlango. Baadaye akasikia kamio ikiondoka kuelekea msituni.

Siku ya soko wawindaji wa Walikale walileta habari. Kamio imesimama kando ya barabara, porini, haijagonga kitu. Sebahire akaenda pamoja na Papa Mbonigaba, katekista wa Nyabiondo. Walifika jua likiwa utosini, lakini chini ya ile miti kulikuwa na giza la jioni.

Mlango wa karavani ulikuwa umefungwa kutoka nje, ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Sebahire akafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vya Théogène vilikuwa chini yake, vimepangwa vizuri, kama vya mtu aliyejilaza kidogo. Mwenyewe hakuwemo. Wala hakuonekana tena, si Walikale, si Masisi.

Papa Mbonigaba akaufunga mlango na ufunguo, akapiga ishara ya msalaba. "Twende, mutoto wangu. Usiangalie nyuma."

Sebahire akaangalia. Kwenye kioo cha dirisha kulikuwa na doa la mvuke, ukubwa wa mdomo wa mtu. Akarudi, akalipangusa kwa kiganja. Halikufutika. Lilikuwa upande wa ndani.

Alibaki amesimama pale, mkono kiooni, asijue ni pumzi ya nani. Doa likafifia hadi karibu kutoweka.

Likarudi.