Kivuli Kimelala Upande wa Pili

“Huu si mkono wako.”

Sebule nzima ikamgeukia mke. Mchoraji alikuwa bado ameshika kitambaa kilichofunika picha, anatabasamu kama bwana harusi, na lile tabasamu likamgandia mdomoni.

“Unasemaje, mke wangu?”

“Nasema picha ni nzuri. Lakini hukuichora wewe.”

Ilikuwa siku ya kutimiza miaka kumi ya ndoa yao. Mke, fundi wa kushona sare za shule, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Mama yake mzazi amepewa kiti chenye mto. Majirani wawili wamekuja kwa ajili ya picha, wamebaki kwa ajili ya soda. Na ukutani ndiyo hiyo picha, imechapishwa kubwa kama mlango: mke ameketi kando ya dirisha, shuka begani, anatazama nje.

“Na kiuno amekupa!” jirani mmoja akadakia kuokoa hali. “Wangu mimi akinichora hivi, namsamehe hata yale nisiyoyajua.”

Watu wakacheka. Mke hakucheka. Akasogea, akaweka kidole kwenye shavu la picha, pale penye mistari midogomidogo ambayo wachoraji huipanga ili kutengeneza kivuli.

“Miaka kumi unanichora kwa mkaa, na mkaa wenyewe nakuchomea mimi kwenye kopo la maziwa. Kivuli chako kinaanzia juu kulia, kinashuka kushoto. Hiki kimelala upande wa pili. Mimi ni fundi, bwana. Kitambaa kikikatwa kinyume cha uzi, nakijua nikiwa mlangoni.”

“Ni tableti hiyo,” mchoraji akajibu haraka. “Mambo ya mashine. Inageuza.”

“Inageuza kivuli?”

“Mwanangu,” mama akaingilia, “wenzako wanapewa ngumi. Wewe umepewa picha, unaikagua kama shuka la dukani. Sema asante tule keki.”

Keki ikakatwa. Aliyeikata ni mdogo wake mke, binti muuza simu aliyekuwa akiishi nao tangu mwaka uliopita. Ndiye aliyemletea shemeji yake ile tableti ya kuchorea na kumfundisha kuitumia. Nyumbani walimwita Mashoto, maana tangu utotoni kila kitu hushika kwa mkono wa kushoto, kisu cha keki kikiwemo.

Mke akakitazama kile kisu kinavyokwenda. Akala kipande chake, akaramba na vidole. Mwanamke anayejua kungoja hapotezi hamu ya kula.

Wageni walipoaga, Mashoto akiwa jikoni anaosha vikombe, mke akafunga mlango wa sebule.

“Ni Mashoto aliyeichora?”

“Mke wangu...”

“Nimekuuliza swali dogo. Lina jibu dogo.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini mdogo wangu anichore, nawe upokee makofi?”

Mchoraji akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza. Ukakaa hapo unacheza wenyewe, kama sindano ya cherehani isiyo na kitambaa chini yake.

Mke akakaa kitako.

“Tangu lini?”

“Mwaka na miezi minne.”

“Daktari kasemaje?”

“Ni ugonjwa wa ubongo. Dawa zitaupunguza kasi, hazitauondoa. Utapanda polepole. Leo mkono, kesho mguu, keshokutwa hata kutafuna.”

“Na mimi mkeo nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa kwenye cherehani. Na mimi nilikuwa nakuficha. Nilijaribu mkaa, ukawa unarukaruka. Nikajaribu wino, nikamwaga. Nikafunga brashi kwenye kidole kwa uzi wako wa kushonea, ikawa kichekesho. Ndipo Mashoto akaleta tableti. Ina kitu ndani kinachonyoosha mstari. Wewe unatetemeka, yenyewe inakunyooshea. Siku ya kwanza nililia, mke wangu. Nikawa nachora kwa mkaa kwenye karatasi, napiga picha, naingiza mle ndani, namalizia kwa kalamu yake. Ikanibeba miezi kadhaa. Halafu mtetemo ukaishinda hata mashine. Ya kwako niliianza mwenyewe mlemle kwenye tableti, nikashindwa njiani. Mashoto akaimalizia.”

“Ungeniambia.”

“Wewe ulinipendea mkono huu.”

“Nani kakudanganya? Mkono ulikuwa nyongeza.”

Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili mpaka ukatulia. Wakalia wote. Kisha akaenda jikoni.

“Mdogo wangu, nisamehe. Nilikufikiria vibaya.”

“Yaishe, dada,” Mashoto akasema. Macho yake hayakutoka kwenye vikombe. Dada mtu akadhani ni unyenyekevu.

Kuanzia siku hiyo ikawa kulea. Mke anamfunga mumewe vifungo asubuhi, anamkatia nyama, anahesabu vidonge. Na ile picha aliyoikataa, sasa akaipenda kupita kiasi. Kila anayeingia kuchukua sare anaoneshwa.

“Hii ina mikono miwili ndani yake,” anawaambia. “Mume wangu kaianza, mdogo wangu kaimaliza. Nani mwingine duniani ana picha ya namna hiyo?”

Alisema kweli tupu, masikini, kuliko alivyojua.

Wiki ya pili akapata wazo: atoe nakala ndogo, moja ya kubandika karibu na cherehani, moja ya mama. Adhuhuri moja, mume amelala baada ya dawa, Mashoto yuko dukani kwake, akaichukua tableti akaenda nayo kwa mwanamke mmoja mchapishaji wa mabango mtaa wa pili, mtu mnene mwenye kicheko cha kuangusha kuta.

“Ndiyo hii? Looo! Shoga, umechorwa ukachoreka! Mume kama huyu usimtoe nje bila kamba.”

“Nakala mbili tu, ukubwa wa daftari.”

“Subiri nikuoneshe uchawi kwanza. Hizi tableti za kuchorea zinatunza kila kitu. Nikibonyeza hapa, picha inajichora upya tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Wateja wangu wanaipenda hii kuliko picha yenyewe.”

“Kweli? Nitauona mkono wake?”

“Utauona hata ulipokosea.”

Akabonyeza. Wakainamisha vichwa.

Kioo kikawa cheupe. Kisha ukaja mstari mmoja unaotetemeka. Mke akaweka mkono kifuani; aliujua mstari ule hata ukiwa mgonjwa. Ukaja wa pili, wa tatu. Bega. Dirisha. Pazia la maua, alilolishona yeye, la chumbani kwake. Kitanda chake. Mistari ikawa inaanguka, inafutwa, inarudiwa, mtu anapambana na mkono wake mwenyewe kwa kila unywele.

“Alivyohangaika, jamani,” mke akanong’ona. “Angalia alivyohangaika kwa ajili yangu.”

Ukaja uso. Kwanza paji, kisha macho, kisha ule mwanya wa meno ya mbele ambao mke hana.

Mchapishaji akaacha kutafuna bazoka yake.

Alikuwa Mashoto. Ameketi kitandani kwa dada yake, mwanya wazi, anacheka, na lile shuka lilikuwa bado halijafika begani. Kovu la chanjo mkononi. Kiuno kilekile majirani walichokisifia. Halafu mistari ikabadilika: haitetemeki tena, imesimama imara, inalala upande wa pili. Mashoto mwenyewe kashika kalamu. Anajifuta. Anaondoa mwanya, anaweka mdomo wa dada. Anaondoa macho, anaweka macho ya dada. Mwisho akavuta shuka, akajifunika mwili uliobaki.

Dakika moja haikutimia.

“Dada yangu,” mchapishaji akasema taratibu, “hizi mashine wakati mwingine zinachanganya mafaili ya watu.”

“Hazichanganyi.”

“Basi kaa chini. Nikuletee maji.”

“Nitumie hiyo kwenye simu yangu.”

“Ukaifanyie nini?”

“Nitumie.”

Akiwa palepale kwenye benchi la mchapishaji, akaituma kwa mdogo wake, na ujumbe chini yake: “Nimeona ulivyonivisha mwili wako.”

Simu ikaita kabla hajaiweka mfukoni.

“Dada! Dada, sikiliza, haikuwa hivyo.”

“Ilikuwaje?”

“Alikuwa analia kila siku. Wewe uko na sare zako. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye, namfundisha, namshika mkono...”

“Ukaushika mpaka kitandani kwangu.”

“Siku ya sherehe ilikuwa imekaribia, hana picha, hawezi kuanza nyingine. Mwili ulikuwa umeshachorwa. Tukabadilisha uso tu.”

“Uso tu.”

“Dada, samahani. Lakini sitakudanganya, ananipenda. Na mimi...”

“Vizuri. Mchukue.”

“Nini?”

“Nasema mchukue. Njoo na begi. Vidonge mara tatu kwa siku, asikose. Nyama umkatie. Mwakani, daktari anasema, utamlisha kwa kijiko, mwaka unaofuata utamgeuza kitandani. Njoo leo jioni, vifungo nitakuonesha mwenyewe, vinataka subira.”

Dukani kwa Mashoto ikasikika simu ya mtu inajaribiwa mlio.

“Uko hapo, mpenzi wa mtu?”

“Dada... mimi bado kijana. Nina kazi. Huyo ni mumeo.”

“Ahaa. Kumbe unajua.”

Akakata.

Nyumbani alimkuta mume ameamka, amekaa kando ya kitanda, anahangaika na kandambili. Akaiweka tableti magotini kwake, akabonyeza kama alivyoona imebonyezwa. Mume akatazama mistari mitatu tu, akafumba macho.

“Nisamehe.”

“Fumbua. Nilitazama mimi, utatazama na wewe.”

Akatazama mpaka mwisho. Machozi yakamtoka, na mkono ukawa unapiga paja, tap, tap, tap.

“Nilikuwa naogopa,” akasema. “Kwako nilikuwa mgonjwa. Kwake nilikuwa mchoraji.”

“Kwangu hukuwa mgonjwa. Kwangu ulikuwa hujaniambia.”

“Ni shetani tu, mke wangu.”

“Mwache shetani, hajui kuchora. Nijibu moja, na hilo moja ndilo litakaloamua kama nakaa nawe au sikai nawe. Ulijua mkono unakwisha?”

“Nilijua.”

“Ulijua umebakiwa na mistari ya kuhesabu, kama mtu aliyebakiwa na tembe kumi kwenye chupa?”

“Nilijua.”

“Na mimi mwaka mzima nakuuliza, mbona hunichori tena? Ukaniambia umechoka. Ukaniambia mwanga mbaya. Ile ya mwisho, ya mkono wako mwenyewe, ukampa nani?”

Mchoraji akaigeuza tableti kifudifudi.

“Basi umenijibu.”

Habari hazina miguu lakini hufika kwa mama kabla ya mwenye nazo. Jioni ileile simu ikaita.

“Mwanangu, mdogo wako yuko hapa, analia mpaka ameloa.”

“Mpe taulo, mama.”

“Usinifanyie mzaha. Mume mgonjwa haachwi, watu watasemaje? Na huyu ni damu yako, tumbo moja. Funika kombe mwanaharamu apite.”

“Mama, mwanaharamu hakupita. Alikaa nyumbani kwangu mwaka mzima, nikamfulia na shuka.”

“Wewe ndiye mkubwa. Mkubwa ni jalala.”

“Nimejaa, mama. Tafuteni jalala jingine.”

Mama akalia. Mke akamsikiliza mpaka alipomaliza, hakumkatia simu, maana mama ni mama. Kisha akampigia kaka mkubwa wa mumewe.

“Shemeji, njoo umchukue ndugu yako. Sitakueleza sababu. Yeye atakueleza, akiweza.”

Kaka mtu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuja Jumamosi asubuhi na gari la kuazima, akasimama uani, hakuingia. Labda alikuwa ameshaelezwa.

Ndani, mke alikuwa amefunga kila kitu: nguo, dawa na karatasi ya saa zake, tableti na waya wake. Picha aliishusha ukutani, akaikunja na uso kwa ndani, akaiweka juu ya begi.

“Hiyo si ilikuwa yako?” mume akauliza.

“Mimi ni uso tu humo.”

Mume alijaribu kuvaa shati mwenyewe. Akapata tundu la kwanza, likampita. Akajaribu tena. Mke alisimama mlangoni akihesabu kimoyomoyo, ishirini, thelathini, akijiambia hamgusi. Hamsini. Kaka mtu akakohoa nje. Mke akaja, akapiga magoti mbele yake, akaanza na kifungo cha chini.

“Unanipenda bado,” mume akasema.

“Hilo hukuniachia nafasi ya kulificha. Ndilo baya.”

“Basi niache nikae. Nitalala sebuleni. Sitakusumbua.”

Akafunga cha pili. Cha tatu.

“Kila nikikukatia nyama nitamwona yeye,” akasema. “Nitakuja kukuchukia ukiwa huna hata uwezo wa kunikimbia. Sitaki kuwa mtu huyo. Nenda nikiwa bado nakuonea huruma.”

Cha nne. Mikono yake ya fundi haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi, kuona jinsi inavyojua kazi.

“Dawa zitanisaidia,” mume akaendelea, anasema kama mtoto anayeomba asipelekwe. “Nikipata nafuu nitakuchora. Kwa mkaa. Wewe peke yako, kama zamani. Naapa. Utanikubalia nikuchore?”

“Inua kidevu,” mke akasema.

Akafunga kifungo cha juu, akamnyooshea kola, akaenda kumfungulia mlango.