Mshono wa Kobalti

Teksi nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa.

Baridi akailaza Yamaha yake, goti likakaribia kugusa lami, akapenya kati ya lori la saruji na basi la shule. Dereva wa lori akamporomoshea matusi. Hakuwa na nafasi ya kumjibu.

"Baridi, unasikia?" Sauti ya Mkuu ilikwaruza sikioni.

"Nakusikia."

"Msafirishaji umemwona?"

"Namwona. Kiti cha nyuma. Ana begi la buluu mapajani."

"Chupa imo humo. Isitoke nje ya nchi. Kwa njia yoyote ile."

"Nimeelewa."

"Unamfahamu huyo mtu?"

Mtu huyo ndiye aliyemfungia Baridi kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Alikuwa dada yake, tumbo moja.

"Kwa sura tu," alijibu.

Alidanganya bila kupepesa macho. Ndiyo kazi inayomlisha.

Teksi ikasimama mbele ya hoteli moja ya ghorofa. Dada akashuka amelikumbatia begi kama mtoto mwenye homa. Baridi akamwacha atangulie, kisha akapanda kwa ngazi za wafanyakazi. Kufuli la kadi halikumchukua muda.

Dada alikuwa amekaa kitandani. Hakushtuka.

"Shikamoo, dada."

"Usiniamkie na bastola kiunoni."

Chupa ilikuwa juu ya meza. Ndogo, ya kioo cha kwatzi kisichopasuka kwa moto, kifuniko chake kimekazwa kwa chuma. Ndani kulikuwa na unga mweusi na gesi ya naitrojeni. Hewa haikuwemo hata kidogo.

Ungeutazama unga ule ungedhani ni masizi ya jikoni. Kumbe ni kichocheo. Mitambo ya kutengeneza mbolea hutaka moto mkali na mgandamizo wa kutisha, ndiyo maana ni michache na wenye nayo hupanga bei wanavyojisikia. Kwa unga wa Dada, mtambo ungeweza kuwa mdogo, ukakaa nyuma ya soko la mji wowote, na mkulima angeacha kununua mbolea kwa vikopo kama anayenunua manukato.

Siri haikuwa katika vitu vyenyewe. Kobalti inauzwa, oksidi ya seriamu inauzwa, hata ile bariamu kidogo inauzwa. Siri ilikuwa pale vinapogusana, ukingoni mwa kila punje ya kobalti iliyokaa juu ya oksidi. Maabara walipaita mshono. Kazi yote hufanyika kwenye mshono, na Dada alimaliza ujana wake akijifunza kuushona.

Shukrani yake? Walimpa cheti. Walimpiga picha na waziri. Kisha maabara ikafungwa na tanuri lake likapigwa mnada pamoja na viti vibovu. Aliyelinunua anachomea vyungu vya maua.

Inatia hasira hata kuisimulia.

"Hawa wanaoinunua wana viwanda," Dada alisema. "Watajenga. Hata kama si hapa, watajenga. Wewe na wakubwa zako mtajenga nini?"

Baridi alitoa Samsung yake, akaiweka mezani, akabonyeza rekodi ya simu iliyonaswa.

Sauti ya mwanamume ilisikika, Kiswahili cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Huyo alikuwa Miwani, mnunuzi.

"Chupa ikifika, inaingia kabatini na haitoki. Nani atanunua mitambo yetu mikubwa, hii midogo ikizagaa?"

"Na huyo mama?" sauti nyingine iliuliza.

"Akileta chupa, mwacheni azeeke. Hana maabara, hana tanuri. Akighairi, mchukueni yeye. Asitengeneze tena kwa ajili ya mtu mwingine."

Dada aliisikiliza hadi mwisho. Aliinua mkono kutengeneza kilemba chake ambacho hakikuwa na kasoro.

"Rudia," alisema.

Hakukuwa na muda wa kurudia. Sikioni Mkuu alikuwa anahema.

"Miwani ameshuka kwenye Land Cruiser. Ana mlinzi mmoja. Ana kinga ya kidiplomasia, hatuwezi kumgusa wala kumpekua. Beba chupa uondoke. Sasa hivi."

"Nikiondoka nayo, msafirishaji atachukuliwa."

"Msafirishaji si kazi yako."

Baridi alichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni.

"Mgawie nusu," alimwambia Dada. "Nusu ubaki nayo."

"Niimimine wapi? Kwenye kikombe cha chai? Unga huu haujalazwa!"

Alilijua neno hilo. Zamani alikuwa akimpelekea Dada chakula maabara, akamwona akilaza unga. Ukitoka kwenye tanuri la haidrojeni, unga huwa na njaa ya hewa. Unapewa kidogo kidogo, siku nzima, hadi utulie. Ukiupa yote kwa mkupuo, unawaka.

Macho ya Baridi yalihamia kwenye kifuniko. Dada aliyafuata.

"Usithubutu."

"Watapima kwa kutumia nini?"

"Kile kibunduki chao cha eksirei. Kinasoma metali zilizomo..." Alikuwa ameshaona mdogo wake anakoelekea.

"Kinaona mshono?"

Dada aliivuta chupa karibu yake.

"Dada. Kinaona mshono?"

"Hakioni."

"Basi wakichukua unga ulioungua hawatajua. Wataondoka, na wewe utabaki."

"Nitabaki na nini?"

Lifti ililia chini.

"Fungua wewe," Dada alisema. "Mimi siwezi."

Baridi aliizungushia chupa taulo, akafungua kifuniko, akaitikisa.

Gesi ilitoka kwa mpumuo mdogo. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha nukta nyekundu ikaonekana katikati ya weusi, ikatambaa, na unga wote ukawa kaa la moto. Haukutoa moshi wala kelele.

Dada hakugeuza uso.

"Punje zinaungana," alisema kwa sauti ileile ya kufundishia. "Kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Zinakuwa nene, kingo zinapotea." Akasubiri wekundu ufifie. "Haya. Umekwisha."

Unga ulikuwa mweusi tena. Vilevile kabisa.

Baridi alifunga kifuniko, akakimbilia bafuni na chupa, akaifungulia bomba la maji baridi. Akaikausha. Akairudisha mezani na kujificha bafuni, Glock mkononi, mlango ameuachia upenyo.

Hodi ikabishwa.

Miwani aliingia akinukia vizuri. Mlinzi alibaki mlangoni. Kibunduki cha eksirei kikaelekezwa kwenye chupa, kikalia kwa furaha.

"Kobalti. Seriamu. Bariamu kidogo. Safi sana." Miwani aliishika chupa. Tabasamu likasita. "Mbona ina joto?"

Kidole cha Baridi kiligusa kifyatulio.

"Nimekaa nayo mapajani njia nzima, kwenye teksi isiyo na feni," Dada alisema. "Ulitaka niibebe kwenye barafu?"

Miwani alicheka.

"Kiwanda cha kwanza tutakiita kwa jina lako, mama."

"Nitashukuru sana," Dada alisema. "Msichelewe kukijenga."

Mlango ulipofungwa, Dada aliketi tena kitandani. Baridi alitoka, akataka kumgusa bega, akaghairi. Simu ilikuwa inatetemeka.

"Niambie," Mkuu alisema.

"Wamebeba masizi. Watayachunguza hadi wachoke."

"Safi! Kwa hiyo kichocheo tunacho sisi?"

"Hapana. Hakuna aliye nacho."

Mkuu alifikiri kidogo. Si sana.

"Si neno. Muhimu wao hawana. Na yule mwanamke?"

"Sikumkuta. Nimekuta chupa tu mezani."

Alikata. Dada alikuwa amesikia yote. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Waulize kama watanipa tanuri," alisema. "Waulize tu. Si nimewaokolea nchi?"

"Dada, wakijua ulikuwepo watakufunga."

"Kwa hiyo sikuwepo. Chupa haikuwepo. Miaka yangu yote hiyo, haikuwepo."

"Uko hai."

"Hilo utaniambia siku nitakayotaka kukushukuru." Alilichukua begi tupu, akalikunja taratibu. "Jumapili usije kwa mama. Nitakuwepo mimi. Na Jumapili inayofuata pia."

"Hadi lini?"

"Nenda kazini, mdogo wangu."

Baridi alifunga vifungo vya koti juu ya Glock. Akashuka kwa ngazi, hatua zake hazikuharakisha wala kusita. Ukumbini Miwani alikuwa anasubiri gari, mkoba ameubana kwapani, uso umemng'aa. Kwa kuwa alikuwa na furaha, alimfungulia mlango mgeni asiyemjua.

"Karibu, kaka, pita."

"Asante sana," Baridi alisema.

Akapita.