Nukta ya Kijani ya Kliniki

Kila Jumamosi nyumba ile ilifurika watu. Shangazi alipita kunywa chai kabla ya kwenda kufungua saluni yake mtaa wa pili, majirani walikuja kuchaji simu na kuchambua habari za watu, na katikati ya makelele hayo mama yake Chiriku alikuwa kazini. Mama alikuwa fundi wa mtandao. Kwenye kona ya sebule ilikuwepo meza yake, na juu yake skrini kubwa yenye nukta zenye majina: shule, duka la dawa, posta, kliniki. Nukta ikiwa ya kijani, mtandao wa mahali pale ni mzima. Ikiwa nyekundu umekatika, na mama hubeba mkoba wake wa vifaa akatoka mbio.

Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alikuwa na kazi ya kupangusa vumbi mezani. Kupangusa tu. "Macho ruksa, vidole marufuku," mama alizoea kumwambia.

Asubuhi hiyo Chiriku alipangusa kimyakimya. Jambo hilo lingemshtua kila mtu, kama muuguzi mkuu wa kliniki asingeingia akihema.

"Hodi! Fundi, umelala? Tangu saa mbili hatuna mtandao. Majibu ya wagonjwa hayaji wala hayaendi!"

"Haiwezekani, dada. Tazama mwenyewe, nyinyi ni kijani."

"Kijani? Basi hiyo nukta yako bado haijaamka!"

Shangazi akacheka hadi chai ikampalia. Muuguzi hakucheka. "Daktari amesema hivi: kama kufikia saa saba fundi wetu bado hawezi hata kujua tukikatika, atatafuta fundi mwingine."

Kicheko kikaisha hapo hapo. Hakuna mteja wa mama aliyekuwa mkubwa kuliko kliniki.

Muuguzi alipoondoka, mama akafungua faili la kliniki, lile lenye maelekezo yanayoiambia programu iangalie mashine ipi na kwenye anwani gani. Akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Jina, sawa. Anwani, sawa. Kukagua kila dakika moja, sawa. Akaizima programu, akaiwasha upya. Kijani.

"Mbona sielewi?" mama akasema, na mama hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Chiriku naye hakuelewa. Jana jioni, mama alipokuwa jikoni, alitaka kumfurahisha shangazi, ambaye kila siku alimlalamikia mama, "Hata duka la dawa lina taa yake, mimi wifi yako sina!" Basi Chiriku akanakili faili la kliniki, nakala akaiita saluni, akaweka anwani ya saluni aliyoikuta kwenye daftari la mama. Akaiwasha programu upya, lakini nukta mpya haikutokea. Akakata tamaa, akaenda kulala.

"Lakini faili la kliniki sikuligusa," alijiambia. "Saluni na kliniki zinahusiana nini?" Akaendelea kupangusa vumbi bila kumwambia mama.

Mama akaenda kliniki mwenyewe. Kumbe mtu aliyekuwa akisafisha chumba alichomoa kebo na kusahau kuirudisha. Mama akaichomeka, akarudi nyumbani jasho likimtoka. Saa sita hivi simu ikalia. Muuguzi!

"Tunapata mtandao vizuri sasa, fundi. Asante."

Papo hapo nukta ya kliniki ikawa nyekundu.

Mama akashika kichwa. "Wakikatika, kijani! Wakipona, nyekundu! Hii programu inanichezea?"

"Wifi, nimefunga mapema," shangazi akaingia akijipepea. "Wateja hamna. Nimezima kila kitu, hata ile ruta ya mtandao uliyonifungia, ambayo siku zote huiacha ikiwaka."

Chiriku akamtazama shangazi, akaitazama nukta. Saa saba ilikuwa inakaribia.

"Mama," akasema. "Hiyo nukta haiangalii kliniki. Inaangalia saluni. Ni mimi." Akaeleza yote, tangu daftari hadi usingizi.

Mama akafungua lile faili la saluni. Ndani, kwenye mstari wa jina, bado palikuwa pameandikwa kliniki.

"Programu inasoma mafaili yote ya folda hii, moja baada ya jingine," mama akasema polepole. "Yakiwa mawili yanayojiita kliniki, inalishika la mwisho. Ulibadilisha jina la nje, la ndani ukaliacha." Akavuta kiti. "Kaa. Rekebisha mwenyewe, nikuone."

Chiriku akafuta neno kliniki, akaandika saluni. Programu ikawashwa upya: kliniki kijani, na chini yake nukta mpya, saluni, nyekundu tupu.

"Mnaniaibisha mbele za watu!" shangazi akapiga kelele, akatoka mbio kwenda kuwasha ruta yake.

Mama akampa Chiriku simu amweleze muuguzi mwenyewe, na amwombe achomoe kebo kidogo wajaribu. Dakika moja ndefu ikapita. Kliniki ikawa nyekundu, na kwa mara ya kwanza sebule ile ilishangilia nyekundu.

"Sasa nawaamini," muuguzi akasema simuni. "Nitamwambia daktari asitafute mtu."

Mama akaichukua simu, akaiweka chini. "Mwanangu, kukosea kwenye faili hata mimi hukosea. Lakini nimepoteza asubuhi nzima nikitafuta kosa pasipo na kosa, kwa sababu aliyejua alinyamaza. Unaongea mwaka mzima, na siku moja iliyohitaji maneno yako ukafunga mdomo! Ukigusa kitu, sema umegusa, hata kama hujui umeharibu nini. Kuanzia leo vidole ruksa, mimi nikiwa ubavuni. Kunyamaza ndiko marufuku."